Ndege inajiongezea moto yenyewe, rubani kazi yake nini?

Swali: Habari za kazi wahariri. Nimeona video ya chumba cha marubani, zile hendeli za moto wa injini, yaani nguvu yake, zinaenda mbele zinarudi nyuma na hakuna aliyezigusa! Sasa kama ndege inajikanyagia mafuta yenyewe, rubani anafanya nini pale? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Anaulinda huo mfumo, na kazi hiyo si ndogo hata kidogo. Unaitwa otothroto, rubani anaupangia spidi, wenyewe unaongeza au kupunguza moto ili spidi isitoke hapo. Kwenye Boeing hendeli zinasogea kweli kama ulivyoona, ndo maana rubani akikaribia kutua anaweka mkono juu yake, asikie zinaenda wapi. Airbus A320 hendeli hazisogei, huko unategemea skrini.

Na juu kabisa ya skrini kuna kimstari cha maandishi kinachosema otothroto iko modi gani, yaani muda huo inafanya kazi ipi. Kile ndo cha kutazama jamani. Turkish Airlines, Boeing 737-800, 25 Februari 2009, inataka kutua Amsterdam: kipimo cha kushoto cha umbali toka ardhini kikaharibika, kikasoma futi -8 na ndege bado iko karibu futi 2,000 juu, otothroto ikaamini inagusa lami, ikashusha moto mpaka mwisho na skrini ikaandika RETARD, yaani inapunguza moto. Kibaya zaidi, muda ule walikuwa wanahitaji kushuka na kupunguza mwendo, kwa hiyo moto kuwa chini haukumshtua mtu. Otopailoti, mfumo unaoielekeza ndege yenyewe, nayo ilikuwa inasoma kipimo cha kulia ambacho ni kizima, ikawa inainua pua tu ili isitoke kwenye njia ya kutua, spidi inaporomoka na marubani wote watatu wako bize na cheklisti, ile orodha ya mambo ya kukagua. Wanakuja kushtuka usukani unatetemeka, onyo kwamba spidi imepungua mno na ndege inakaribia kushindwa kuelea, wako futi 460 hivi. Rubani msaidizi akasukuma hendeli mbele, ila otothroto ilikuwa haijazimwa, alipoziachia zikarudi nyuma zenyewe! Ndege ikaanguka, walifariki watu 9.

Kwa hiyo kila modi ikibadilika rubani anaisoma kwa sauti, mwenzake anahakikisha kwa macho yake, halafu wote wanaangalia kama spidi na moto vinaendana. Visipoendana habishani na mashine, kuna kitufe palepale kwenye hendeli, anabonyeza otothroto inazimika, moto anaushika mwenyewe kwa mkono.