Maswali na Majibu: Umezima Skrini, Kompyuta Je?

Maswali ya skrini yamekuwa mengi, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja.

Shikamoo fundi. Nina stationari Kaloleni, Arusha. Kijana wangu anazima skrini kila mteja akiondoka. Jirani anasema kuzima na kuwasha kunaiua. Nimkataze?

Marahaba mama. Usimkataze, anafanya jambo la maana. Maneno ya jirani ni ya enzi za skrini nene zenye kisogo, zile zilizokula wati 60 hadi 100 na kuchukua muda kabla ya picha kutulia. Skrini bapa ya leo ina taa za LED nyuma ya kioo, na umri wa taa hizo unahesabiwa kwa saa inazowaka. Ikiwaka bila mtu mbele yake, unaila bure. Umeme wa ziada unaovutwa wakati wa kuwasha ni wa kufumba na kufumbua tu, haufikii hata kidogo ule unaopotea ukiiacha.

Adui mkubwa ni joto. Fungua skrini iliyokufa utazikuta kapasita za saketi ya umeme, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimevimba kichwa, nyingine zimevuja ute wa kahawia. Zilikaa kwenye moto mchana na usiku. Wizara ya Nishati ya Marekani inashauri uzime skrini kama hutaitumia kwa zaidi ya dakika 20, na kompyuta nzima kama ni zaidi ya saa 2. Kwa stationari, ambako wateja wanafuatana, nenda kwenye mipangilio ya Windows uamuru skrini ijizime baada ya dakika tano. Kijana apumzike, na kitufe nacho kipone, maana vitufe vya skrini za mtumba huzama ndani vikibonyezwa ovyo.

Nimeweka samaki wanaoogelea skrini ikitulia. Si inatosha kuokoa umeme? (Njiro)

Haitoshi, na swali hili nimechoka kulijibu. Samaki wanaogelea kwa sababu taa ya nyuma inawaka! Picha hizo zilibuniwa kwa ajili ya skrini za kisogo, ambazo picha moja ikiganda muda mrefu iliunguza unga wa ndani ya kioo na kuacha kivuli cha kudumu. Hazikubuniwa kupunguza umeme. Kwenye skrini yako hata picha nyeusi tii inaacha taa imewaka vilevile. Mwenye skrini ya OLED, ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe, ndiye anayepaswa kuogopa picha iliyoganda, na yeye pia dawa yake ni kuzima.

Nazima kompyuta kila jioni kabla ya kuwahi daladala, lakini asubuhi naikuta ya moto. Ina tatizo gani? (Majengo, Moshi)

Hujaizima, kaka. Unabonyeza kitufe cha skrini, kioo kinakuwa cheusi, unaondoka. Sipiyu iliyo chini ya meza inakesha. Sikiliza feni yake kabla hujabeba mkoba. Zima kwa kupitia Windows, subiri feni inyamaze, ndipo uzime swichi ya ukutani. Ukikata swichi wakati bado inafanya kazi, faili zinaharibika na hata diski inaweza kwenda.

Bosi anatufokea kila siku tuzime skrini ili kuokoa LUKU. Kuna faida kweli? (Kijenge)

Ipo. Chukua skrini ya wati 25 iliyoachwa inawaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 14. Kwa siku 30 inakula uniti 10 na nusu. Skrini kumi, uniti 105. Shika risiti ya LUKU, gawanya hela uliyolipa kwa uniti ulizopata, kisha uzidishe uone. Ile taa ndogo ya stendibai isikutie hofu: ikiwa nusu wati, kwa saa zizo hizo haifikishi hata robo ya uniti kwa mwezi.

Ila mwambie bosi anafokea upande mmoja. Sipiyu ya ofisini iliyowaka bila kazi inaweza kula wati 50, yaani uniti 21 kwa hesabu ileile. Ofisi inayozima skrini na kuacha sipiyu imeokoa theluthi na kutupa theluthi mbili.

Na laptop? (Sakina)

Funga kifuniko. Ukimaliza kazi ya siku, izime.

Niko mapokezi kwenye kampuni ya utalii. Nikienda chai nazima skrini ili wageni wasione pasi za watu. Nimefanya vizuri?

Nia ni njema, dada, kinga ni ndogo. Yeyote atabonyeza kitufe na kukuta kila kitu wazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, iombe nywila, ndipo uzime skrini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nakala ya pasi ya mgeni ni taarifa binafsi.

Vumbi la Pasua linaimaliza skrini yangu. Niifute na spiriti?

Hapana, spiriti inaweza kuharibu utando wa kioo. Izime, vumbi lionekane, ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Masika radi zinapiga sana huku Moshi. Kuzima skrini kwa kitufe kunatosha?

Hakutoshi hata kidogo. Kitufe kinaiacha skrini ikiwa imeungwa na umeme, na hata swichi ya ukutani ina mwanya mdogo ambao radi huruka. Chomoa plagi ya skrini na ya sipiyu, na waya wa intaneti pia, maana radi hupita humo ikafika kwenye skrini kupitia kebo ya picha. Chomoa mawingu yakianza kukusanyika, usingoje ngurumo iwe juu ya bati. Umeme ukikatika fanya hivyohivyo, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuchomeka. Na skrini ikipigwa, usiifungue mwenyewe kwa bisibisi: kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na umeme wa kukudhuru hata baada ya kuchomoa.