Maswali ya Wasomaji: Kwa nini baadhi ya nchi za Afrika zimejaa watu na nyingine zina nafasi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika atlasi ya mwanangu nimeona kwamba Rwanda ina watu zaidi ya 500 katika kila kilomita moja ya mraba, ilhali Namibia haifikishi hata watu wanne. Tofauti kubwa namna hii ndani ya bara moja inatokana na nini? Na je, ni sahihi kusema kwamba Namibia ina ardhi tele isiyo na kazi?

JIBU: Takwimu ulizoziona ni sahihi. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 katika nchi yenye kilomita za mraba 26,338, na sensa ya Namibia ya mwaka 2023 ilihesabu watu wapatao milioni tatu katika nchi inayoizidi Rwanda kwa ukubwa zaidi ya mara 30. Wastani wa Afrika nzima ni kama watu 50 kwa kilomita ya mraba, kwa hiyo nchi hizi mbili ziko katika ncha mbili za mizani, ingawa Mauritius, kisiwa chenye watu zaidi ya 600 kwa kilomita ya mraba, inaizidi hata Rwanda.

Sababu inayotangulia zote ni maji. Namibia imelala kati ya jangwa la Namib na lile la Kalahari, na mito yake inayotiririka mwaka mzima, kama vile Kunene, Zambezi na Orange, iko mipakani au karibu na mipaka, ndiyo maana wakazi wengi wako upande wa kaskazini ambako mvua ni afadhali. Libya, Mauritania na Botswana, ambazo nazo zina watu wanne hadi watano tu kwa kilomita ya mraba, zina hali inayofanana na hiyo. Rwanda na jirani yake Burundi ziko nyanda za juu, zinapata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na sehemu ya udongo wake, hasa kaskazini-magharibi mwa Rwanda, imetokana na volkano, hivyo shamba dogo liliweza kulisha kaya nzima kwa vizazi vingi.

Hata hivyo, mvua peke yake haitoshi kueleza jambo hili, na mfano mzuri ni Gabon. Nchi hiyo ina mvua nyingi kuliko Rwanda, lakini ina watu wapatao tisa tu kwa kilomita ya mraba, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yake ni msitu mnene, na wananchi wake walio wengi wanaishi mijini. Hapa ndipo inapotupasa kutazama magonjwa. Mbung'o, anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, alizuia ufugaji katika maeneo mapana ya misitu na ya miombo, na asiye na ng'ombe alikosa maziwa, mbolea na nguvu ya kulimia. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki kutoka mwambao na visiwani. Nyanda za juu zenye baridi ziliepuka kwa kiasi kikubwa mbung'o na pia mbu wa malaria, nazo ndizo zilizojaa watu.

Historia nayo ina sehemu yake, na nyingine ni ya uchungu. Biashara ya watumwa ilipunguza watu katika maeneo mengi ya bara hili. Huko Namibia kwenyewe, kati ya mwaka 1904 na 1908, majeshi ya Ujerumani yaliwaangamiza Waherero na Wanama kwa makumi ya maelfu, na ardhi yao ikagawiwa walowezi.

Kwa sababu hiyo naomba tusiiite ardhi ya Namibia kuwa ni ardhi isiyo na kazi. Mfugaji wa nyika kame anahitaji eneo kubwa ili mifugo ipate malisho mwaka mzima, na mahali panapoonekana patupu mwezi huu huwa ni malisho ya mwezi mwingine. Maneno hayohayo, kwamba ardhi fulani haina mwenyewe, ndiyo yaliyotumiwa kuwanyang'anya wafugaji wengi wa Afrika maeneo yao, na bado yanatumiwa.

SWALI: Nimesoma kwamba wastani wa Misri ni kama watu 105 kwa kilomita ya mraba, chini kabisa ya Nigeria na Uganda. Mbona basi tunaambiwa kwamba Wamisri wamebanana mno?

JIBU: Kwa sababu wastani huo umewagawia Wamisri jangwa ambalo hawaishi. Misri ina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni moja, lakini takriban asilimia 95 ya wananchi wake wamekusanyika katika kama asilimia tano tu ya ardhi hiyo, yaani katika bonde la mto Nile na delta yake. Ukifanya hesabu, utapata watu wapatao milioni 100 katika kilomita za mraba 50,000, ambao ni watu 2,000 kwa kila kilomita moja. Hicho ndicho kipimo ambacho mkulima wa delta anakiona kila siku, na ndiyo sababu wataalamu wengi hupendelea kugawa idadi ya watu kwa ardhi inayolimika badala ya kuigawa kwa nchi nzima.

Afrika Mashariki ina tofauti kama hizo ndani ya mipaka yake. Kwa sensa ya mwaka 2019, wastani wa Kenya ulikuwa watu 82 kwa kilomita ya mraba, lakini Nairobi ilikuwa na watu 6,247 na Marsabit sita tu. Tanzania, katika sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulipata watu wapatao 3,865 kwa kilomita ya mraba na Lindi 18. Mtu anayepanga shule, zahanati au visima kwa kufuata wastani wa taifa atakosea katika mikoa yote miwili.

SWALI: Vitabu viwili vinanipa wastani tofauti wa Uganda, kimoja kinasema 190 na kingine karibu 229. Niamini kipi?

JIBU: Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kwa sensa ileile ya mwaka 2024, iliyohesabu watu wapatao milioni 45.9. Kimoja kimegawa idadi hiyo kwa eneo lote la kilomita za mraba 241,551, pamoja na maziwa na maeneo mengine ya maji, na kingine kimegawa kwa nchi kavu tu, ambayo ni kama kilomita za mraba 200,500. Malawi ina tatizo hilohilo kwa sababu ya ziwa lake kubwa: kwa sensa ya mwaka 2018 wastani wake ni kama 148 ukihesabu maji, na 186 ukiyaacha. Unapolinganisha nchi mbili, hakikisha kwanza kwamba zote zimepimwa kwa njia moja, kisha tazama mwaka wa sensa, maana katika nchi ambayo watu wake wanaongezeka kwa karibu asilimia tatu kila mwaka, takwimu ya miaka kumi iliyopita imekwisha kupitwa kwa zaidi ya robo.