Gari kuzimika ukisimama: anza na kivalvu cha sailensi

Ndugu yangu, Corolla yako ya 1998 kuzimika kila ukisimama njia panda pale Ngamiani, hasa ukiwasha AC, naijua. Yangu ilinitesa hivyo hivyo. Mara nyingi ni kivalvu cha sailensi, yaani kile kinachoipa injini hewa ukiwa hujakanyaga mafuta, kimejaa masizi, hewa haipiti.

Subiri injini ipoe kabisa, maana kwenye Toyota nyingi za umri huo maji ya rejeta hupita hapo hapo. Weka kitambaa na chombo chini. Chomoa teminali hasi ya betri. Fungua throto bodi, yaani mlango wa hewa ya injini, kivalvu kiko chini yake. Skrubu ndiyo kazi! Kwa chumvi ya bahari yetu hapa Tanga hushika kutu, na bisibisi isiyokaa sawasawa itakula kichwa. Mimi niliharibu mbili, nikaenda kwa fundi nimeinamisha kichwa. Loweka kwanza kwa dawa ya kutu, kisha gongagonga taratibu.

Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa tu, sugua kwa mswaki wa zamani. Upande wa waya usilowe, na usilazimishe kukizungusha kivalvu kwa koleo. Kaushia nje, mbali na moto. Gasketi mpya ni muhimu, la sivyo itavuta hewa.

Ukisharudisha kila kitu na betri, jazia maji ya rejeta, iache injini ingurume dakika kumi bila AC. Ikipata moto itulie kwenye mizunguko 700 hadi 800 hivi kwa dakika. Ikipanda 2000 na kung'ang'ania, au taa ya injini ikiwaka, peleka kwa fundi umeme mwenye mashine ya kupima.