Upepo kwanza, kamera baadaye

Mara ya kwanza nilipomnyemelea mnyama nikiwa na kamera ilikuwa Hifadhi ya Ziwa Mburo, na kilichonisaliti ni mfuko wa jaketi. Nilikuwa nimetambaa kwa magoti karibu robo saa kuelekea kundi la swala pala, umande umenilowesha hadi kiunoni. Nikataka betri nyingine. Ule utepe wa kunata wa mfukoni ukalia krrraaa, na swala wote wakainua vichwa kwa pamoja kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu dirishani. Dume mmoja akakoroma, wakatoka mbio. Picha niliyorudi nayo nyumbani ni ya mikia.

Afande aliyekuwa nyuma yangu na bunduki hakucheka. Alisema tu, "Kijana, wale walikujua tangu uliposhuka kwenye gari. Walikuwa wanakuvumilia."

Neno hilo, kuvumilia, ndilo lililonifundisha kazi. Nilidhani siri iko kwenye kujificha. Siku chache utafanikiwa kujificha, lakini siku nyingi mnyama anajua upo, na swali lake ni moja: huyu ananitaka mimi, au anapita zake?

Mburo ni pazuri pa kujifunzia kwa sababu unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na ni mwendo wa saa nne hivi kutoka Kampala. Swala pala, ambao inasemekana ndio waliolipa jiji letu jina, wamejaa huko, pamoja na pundamilia, pofu na nyamera. Nyati, chui na viboko nao wapo, kwa hiyo usijaribu kumponyoka askari ukafuate picha yako vichakani. Kama nauli ya Mburo haijapatikana, anzia kwa mbega na tumbili wa bustani ya mimea ya Entebbe. Ndege marabu wa majalala ya Kampala hawafai kwa mazoezi. Wale hata ukiwakanyaga watakutazama tu.

Sasa upepo. Mimi hubeba majivu ya mkaa kwenye soksi kuukuu. Nikiigonga kidogo, vumbi linanionyesha hewa inakwenda wapi, hata ile ambayo shavu halihisi. Majivu yakielea kuelekea kwa mnyama, nageuka na kuzunguka, hata kama ni nusu saa ya kutembea. Swala anaweza kusamehe kivuli, anaweza hata kusamehe kijiti kilichovunjika, lakini harufu ya mtu haina maelezo mengine. Na ukiwa kando ya ziwa kubwa kama Victoria au Edward, kumbuka hewa hugeuka. Alfajiri mara nyingi huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na jua likishapanda huanza kutoka ziwani kuja nchi kavu. Nimewahi kukaa mahali pazuri kabisa saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa nne mahali hapohapo pakawa pananitangaza kama redio.

Kuhusu nguo, watu wanahangaika bure. Swala na nyati hawatofautishi nyekundu vizuri, ila buluu wanaiona sawasawa. Buluu na nyeusi pia huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa jinzi ya buluu katika hifadhi ya Murchison utanikumbuka. Kahawia au kijani iliyofifia inatosha. Ila usinunue nguo za mabakamabaka hata ukizipata kwa bei ya kutupa soko la Owino. Uganda raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na kituo cha polisi si mahali pa kueleza kwamba ulikuwa unamfuata tohe.

Kinachokutambulisha zaidi ya rangi ni umbo. Mtu aliyesimama juu ya mwinuko, mbingu nyuma yake, anaonekana kutoka mbali sana. Pita ubavuni mwa kilima, kaa kivulini, na uwe na kichaka nyuma yako. Hata kisipokuwepo cha kukukinga mbele, kile cha nyuma kinakumeza.

Kutembea kwenyewe kuna adabu yake. Usiende moja kwa moja. Nenda mshazari kama mchungaji anayetafuta ng'ombe aliyepotea, huku macho yako yakiwa pembeni, maana jicho lililokazwa ni jicho la chui. Akiinamisha kichwa kula, piga hatua tatu. Akiinua, ganda, hata kama mguu uko hewani na siafu wameshaanza kupanda. Na hapa nina ubishi na wengi: kama mnyama ameshakuona katika uwanda ulio wazi, usichuchumae. Kiumbe kilichokuwa kirefu kikawa kifupi ghafla, kwa swala, hicho ni kitu kinachojiandaa kuruka. Simama, geuka upande, jifanye una shughuli na nyasi.

Usimwangalie mnyama wako peke yake. Nyamera hupenda kupanda juu ya kichuguu na kutazama nchi nzima kutoka pale, na akikustukia yeye, kundi lililo ng'ambo nalo limekustukia. Tumbili juu ya mti ni wabaya zaidi, kwa sababu wanapiga kelele. Mimi nikisikia tumbili wameanza, nakaa chini na kunywa maji mpaka wachoke.

Lakini somo kubwa nililipata mbali na nyika, kwenye kinamasi cha Mabamba, magharibi ya Entebbe. Nilikwenda kumtafuta yule korongo wa kijivu mwenye domo kama kiatu cha mbao. Asubuhi tulimwona upesi, nami kwa pupa nikamwomba mzee wa mtumbwi anisogeze. Akakataa mara mbili, ya tatu akakubali shingo upande. Tulipomwelekea tu akafungua mabawa na kuondoka, bila haraka, jambo lililoniuma zaidi.

"Sasa tufanye kama yeye," mzee akasema.

Ndege yule hula kamongo, samaki ambaye Waganda humwita mmamba. Kamongo lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo korongo hamfuati. Husimama penye uwazi mdogo kati ya mimea na kungoja, muda mrefu, bila kutikisika. Mzee akausukuma mtumbwi kwa pondo hadi ndani ya mafunjo, mbele ya uwazi wa namna hiyo, akaliweka pondo chini na kujifunika kofia usoni. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Mbu walinila, mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Kisha ndege akatua mwenyewe, karibu kiasi kwamba ilinibidi nipunguze lenzi, akaanza kungoja kamongo wake nasi tukingoja naye. Tangu hapo nafuata nyayo, kinyesi na njia za kwendea maji kuliko ninavyowafuata wanyama wenyewe.

Mambo madogo ya kamera: zima mlio na taa ya kulengea, fleshi isahau, ivishe lenzi kofia yake ya kukinga jua isimetemete, na zipu zote zifungue ukiwa bado kwenye gari. Simu iache huko huko.

Kuna wanyama wasionyemelewa. Nyati, tembo na kiboko, ukimshtua karibu, hukimbilii popote. Wao ni wa gari au boti. Sokwe na gorila waliozoeshwa watu ndio kabisa hawahitaji hila: unaongozwa, unajionyesha, na kwa gorila unabaki mita 10.

Na kuondoka ni sehemu ya kazi. Mwaka huohuo wa jaketi nilirudi Mburo na rafiki yangu. Nikapata pofu wangu, nikafurahi, nikasimama wima na kujinyoosha mgongo. Yeye alikuwa bado amelala kifudifudi hatua 20 kulia kwangu, hajapiga hata moja. Hakunisemesha mpaka Lukaya, njiani kurudi Kampala, na hata pale ilibidi kwanza ninunue kuku wa kuchoma na gonja.