Pikipiki kubwa za safari zinakula mafuta kiasi gani? Maswali na majibu

Maswali yote ya mara hii yanahusu pikipiki za safari za cc 1000 kwenda juu: BMW GS, Honda Africa Twin, Suzuki V-Strom, Yamaha Super Ténéré na jamaa zao. Tunahesabu kwa lita kwa kilomita 100. Anayependa kilomita kwa lita agawanye 100 kwa namba hiyo: 5 ni kilomita 20 kwa lita, 6.5 ni kilomita 15 na kidogo.

Nina BMW R 1250 GS. Kwenye karatasi za kiwanda imeandikwa lita 4.75 kwa kilomita 100. Nikienda Mombasa na mke wangu, masanduku matatu nyuma, inakula 5.9. Fundi ameikagua na kusema injini ni nzima. Nimwamini nani? (Nairobi)

Waamini wote wawili. Namba ya kiwanda hupatikana maabara kwa kipimo kinachoitwa WMTC. Pikipiki hukimbia juu ya rola kwa vipande vitatu vya dakika kumi kumi: cha mjini, cha barabara za kawaida, na cha barabara kuu. Katika hesabu ya mwisho kipande cha kati kina uzito wa asilimia 50, na vile vya pembeni asilimia 25 kila kimoja. Spidi hufika 125 kwenye kipande cha mwisho tu. Humo hamna mke, hamna sanduku, na upepo wa Voi hauvumi.

Wewe unakwenda saa nyingi kwa spidi moja ya juu, na hapo anayekula mafuta ni upepo. Nguvu ya upepo inayokukinza hukua kwa mraba wa spidi. Ukitoka 90 kwenda 120, spidi imepanda kwa theluthi moja lakini ukinzani umepanda kwa karibu asilimia 78. Kwa pikipiki ya aina hii, mtu mmoja na mzigo mdogo, tarajia takriban 4.4 hadi 4.7 kwa spidi 90, karibu 5.2 kwa 110, na 6 kwenda juu kwa 130. Masanduku mapana ya alumini na abiria yanaongeza juu ya hapo. Kwa hiyo 5.9 yako ni namba ya afya kabisa.

Wengi hulaumu mlima wa kurudi Nairobi. Mlima una mchango, ila mdogo. Kupandisha kilo 450 za pikipiki, watu na mizigo kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700 kunagharimu chini kidogo ya lita moja kwa safari nzima. Kushusha spidi kutoka 120 hadi 100 kutakuokolea zaidi ya hiyo. Na kama masanduku ya pembeni ni matupu, yavue uyaache nyumbani. Sanduku tupu linashika upepo sawasawa na lililojaa.

Dashibodi inaonyesha 5.0, lakini nikipiga hesabu kwa risiti za kituo cha mafuta napata 5.4. Ipi ni sahihi? (Moshi)

Risiti, mradi unajaza kwa utaratibu ule ule. Dashibodi haipimi mafuta. Inakadiria kutokana na muda ambao injekta (vinyunyizio vya mafuta vya injini) zimekaa wazi, na mara nyingi inajipendelea.

Jaza pikipiki ikiwa imesimama wima, juu ya stendi ya kati au ukiwa umeikalia. Tangi la pikipiki hizi ni pana, hivyo ikiegemea stendi ya pembeni, tofauti ya nusu lita si ajabu. Simama pale mafuta yanapogusa ukingo wa chini wa shingo ya tangi, kila mara hapo hapo. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea hadi tangi lishuke chini ya nusu, jaza tena. Lita 17.3 kwa kilomita 318 ni 17.3 ÷ 318 × 100, yaani 5.44. Usitoe hukumu kwa tangi moja: jumlisha matangi matatu au manne, lita zote kwa kilomita zote, ndipo kosa la kujaza linapopungua.

Kisha hakikisha kilomita zenyewe. Linganisha kihesabu chako na GPS ya simu kwa kilomita 50 hivi. Spidomita hutengenezwa zisome juu ya spidi halisi, na sheria za kimataifa haziruhusu zisome chini yake, lakini kihesabu cha kilomita nacho kinaweza kukosea kidogo. Tairi ya nyuma iliyopoteza milimita 6 za meno imepungua mzunguko kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo inaandika kilomita nyingi kuliko ulizotembea. Kama kihesabu kinasoma 103 pale GPS inaposema 100, zile 318 ni 309 tu, na ulaji wako ni 5.6.

Mwezi ujao tunatoka Laisamis kwenda Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, kwa Africa Twin za kawaida, tangi lita 18.8. Kwenye lami zinakula 5. Si zinanitosha kwenda hata kilomita 370? (Meru)

Kwa lami, ndiyo. Kwa njia hiyo, usipange hivyo hata kidogo.

Barabara ya kutoka Laisamis hadi kwenye mitambo ya upepo ya Turkana ilitengenezwa upya kwa ajili ya mradi ule, kilomita 208, na Loiyangalani iko mbele zaidi. Weka 260 kwenye hesabu zako. Kwenye kokoto ngumu kwa spidi 60 hadi 70, pikipiki hii haili vibaya, pengine 5.5. Mchanga ndio unaoharibu hesabu: gia ya pili, injini juu, tairi ya nyuma inazunguka kuliko pikipiki inavyosonga, na ulaji unafika 7 hadi 9. Tumia 6 kama wastani wa kwenda: 260 kwa 6 ni lita 15.6. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia, kuanguka na kusaidiana, inakuwa 19.5. Tangi limeshapitwa.

Kurudi ni kugumu zaidi. Mitambo 365 haikujengwa pale bure: upepo wa ukanda ule huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, karibu mwaka mzima. Unapokwenda unakusukuma, unaporudi unakutana nao uso kwa uso. Ukienda spidi 90 dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa, hewa inakupiga kana kwamba unakwenda 120. Hesabu kurudi kwa 7: lita 18.2, na robo ya akiba inafika karibu 23.

Kwenda na kurudi bila kupata tone njiani ni lita 42, yaani 23 na zaidi nje ya tangi. Ni kilo 17 za petroli, bila uzito wa madumu, juu ya pikipiki inayotakiwa kupita mchangani. Hatukushauri. Beba lita 10 kila mmoja, na siku moja kabla ya kuondoka piga simu kwa mwenyeji wa kule uhakikishe petroli ipo. Huko inaweza kuwa ya madumu, basi chukua faneli yenye chujio laini. Kama hakuna uhakika, gari la kubeba mafuta liende nanyi.

Dumu liwe la chuma au la plastiki lililotengenezwa kwa petroli. Chupa za maji hulainika, kifuniko kinavuja, na vyote hivyo viko sentimita chache kutoka kwenye ekzosi. Lijazie chini, juu ya ardhi, si likiwa limefungwa kwenye pikipiki, kwa sababu ya cheche za umeme tuli, na uache nafasi juu. Lifunge mbele ya ekseli ya nyuma, chini kadiri inavyowezekana. Na usilitunze hadi mwisho: tangi likipata nafasi ya lita 10, zima injini, ngoja ipoe, mimina. Mafuta yaliyo tangini ni salama kuliko yaliyo kwenye dumu linalogongwa na mawe.

V-Strom 1000 yangu ilikuwa 5.2, sasa ni 6.3 na njia ni ile ile. Nimebadilisha filta ya hewa na plagi, hakuna nafuu. (Dodoma)

Mafundi wengi huanza na filta kwa mazoea ya kabureta. Kwenye injini ya injekta, filta chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Ongezeko la lita nzima lililokuja ghafla tafuta kwanza kwenye magurudumu.

Inua gurudumu, weka gia huru, lizungushe kwa mkono. Likisimama kabla ya mzunguko mmoja, breki inashika. Kwa uhakika, tembea kilomita 10 ukitumia breki kwa uchache, kisha nyunyizia matone ya maji kwenye diski, usiiguse kwa kidole. Maji yakichemka pale, pistoni za kalipa (kifaa kinachobana diski) zimekwama au pini zimekauka. Vumbi la Dodoma ni maarufu kwa hilo. Fungua kalipa, safisha pistoni kabla ya kuzirudisha ndani, paka pini grisi ya breki. Hapo hapo sikiliza beringi, angalia mnyororo usiwe umekazwa kupita kipimo cha kitabu, na pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Aliyepunguza upepo kwa ajili ya mchanga akasahau kuurudisha hulipa kwa mafuta, na baadaye kwa tairi.

Magurudumu yakiwa sawa, angalia joto la injini. Themostati (vali ya maji ya kupoza injini) ikikwama wazi, injini haipati joto lake barabarani, na kompyuta inaendelea kuimwagia mafuta kana kwamba imewashwa sasa hivi. Kipimo cha joto kinachoporomoka kila ukishika spidi ndiyo dalili yake. Baada ya hapo ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Moshi mweusi, masizi ndani ya bomba na plagi nyeusi kavu vinaelekeza kwake, na taa ya injini si lazima iwake. Kama uliwahi kufungiwa kile kisanduku kidogo cha “kuongeza nguvu”, kitoe kwanza kabla ya kununua chochote. Vingi vinaidanganya kompyuta kuhusu joto la hewa ili imwage mafuta zaidi.

Petroli ya oktani ya juu inapunguza ulaji? Na hii iliyochanganywa na mafuta ya taa nitaijuaje? (Mwanza)

Inategemea injini. Oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati wake. Africa Twin ya 1100 ina mgandamizo wa 10 na kidogo kwa 1, kwa hiyo ukiwekea oktani ya juu kuliko kitabu kinavyotaka umetupa pesa. GS 1250 ni 12.5 kwa 1 na ina sensa za kugundua injini inapogonga. Ukiipa oktani ndogo, inarudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma ili ijilinde, nguvu zinapungua, unavuta zaidi, ulaji unapanda. Fuata namba ya kitabu, usiipite wala usishuke chini yake.

Mafuta ya taa hushusha oktani. Dalili ni mlio wa kokoto ndani ya injini unapopanda mlima kwa gia kubwa, joto likiwa juu, mara tu baada ya kujaza kituo kipya. Punguza mzigo, shusha gia, na jazia petroli nzuri mapema. Tunza risiti: Tanzania mafuta huwekewa vinasaba, yaani alama za kikemikali za kuyatambua, hivyo ukilalamika kuna kinachoweza kupimwa.

Kushuka Kitonga nikitoa gia, si naokoa mafuta? (Iringa)

Hapana. Ukishuka na gia huku umeachia mafuta, injekta hufungwa kabisa: ulaji ni sifuri, injini inazungushwa na gurudumu. Ukitoa gia, injini inabidi ijilishe ili isizime. Unatumia mafuta zaidi na umepoteza breki ya injini kwenye mteremko ambao malori yanapasha breki moto mbele yako. Shuka kwa gia ya tatu au ya pili.

GS Adventure yangu ina tangi la lita 30. Kila nikijaza hadi juu mchana kabla ya safari ya Salalah nasikia harufu ya petroli, na injini inasumbua kuwaka. (Muscat, Oman)

Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Inatoka baridi kwenye tangi la chini ya ardhi, inaingia kwenye pikipiki iliyosimama juani. Lita 30 zikipanda nyuzi 20 zinadai nafasi ya lita 0.6 zaidi, na kama umejaza hadi kwenye kifuniko zinapita kwenye bomba la kupumulia. Pikipiki nyingi za siku hizi zina kopo la mkaa la kunasa mvuke. Likilowa petroli halinasi tena, injini inavuta mvuke mwingi mno, inagoma kuwaka na ulaji unapanda kwa siku kadhaa.

Acha kujaza kwenye ukingo wa chini wa shingo, au jaza asubuhi na uondoke mara moja. Kwa njia ya Salalah huhitaji hata tone la ziada: kilomita 1,000 hivi, kuna vituo njiani, kama Adam na Haima, na hata kwa 6.5 lita 30 zinakupeleka zaidi ya kilomita 450. Harufu ikiendelea baada ya matangi mawili uliyojaza kwa kiasi, kopo limeharibika, na kulikausha juani hakutalirudisha. Badilisha.