"Kanda 10" au "ukanda wa 10"?

Swali: Nimeletewa pakiti ya mbegu za maua kutoka Marekani, na maelezo yake yamegeuzwa Kiswahili hivi: "Kanda za ugumu 9–11. Kiwango cha chini cha baridi -6.7." Ni Kiswahili sahihi? Na sisi wa Kanda ya Ziwa tumo katika namba ipi? (Msomaji, Ilemela, Mwanza)

Jibu: Kila neno ni la Kiswahili, ila aliyetafsiri amekupotezea maana.

Tuanze na "ugumu". Kigumu ni mti wa mninga chini ya msumeno, au mtihani. Mmea usiouawa na baridi huwa unaistahimili, kama bwana shamba asemavyo "mahindi yanayostahimili ukame". "Sugu" nalo hutumika, lakini mimi huliachia magonjwa: mihogo sugu kwa batobato.

Kosa baya zaidi ni "kiwango cha chini cha baridi". Baridi ikiwa ya kiwango cha chini ni baridi kidogo, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Kinachoshuka ni joto, baridi huzidi. Sema "joto la chini kabisa", au "baridi kali kabisa". Hata hapo ongeza "kwa wastani", maana ramani ya Marekani, inayogawa nchi katika kanda hizi kwa ukali wa baridi, huchukua usiku wenye baridi kuliko zote wa kila mwaka, ikapiga wastani wa miaka 30. Toleo la 2023 lilitumia vipimo vya 1991 hadi 2020. Mwaka wenye baridi isiyo ya kawaida bado unaweza kuua mmea uliopandwa katika ukanda wake halali.

Sasa "kanda". Umoja ni ukanda, wingi kanda: ukanda huu, kanda hizi. Ukiandika "kanda 10", msomaji atahesabu kanda kumi. Ya kumi kwa mpangilio ni "ukanda wa 10", na pakiti yako ingesema "kuanzia ukanda wa 9 hadi wa 11". Kanda zote ni 13, kila moja ikiwa na upana wa takribani nyuzi 5.6 za Selsiasi. Wa 9 huanzia -6.7 na kuishia -1.1.

"Kanda ya Ziwa" imekwisha kukaa kama jina, kwa umoja, na hakuna haja ya kuisahihisha. Lakini ni jina la eneo tu, wala halipimi joto wala mvua. Bukoba na Shinyanga zote zimo humo, na mvua ya Bukoba ni nyingi zaidi kwa mbali.

Kuhusu namba: Mwanza, kwenye mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, haipati jalidi, kwa hiyo mpaka wa chini wa pakiti hiyo haukuhusu. Tatizo letu liko upande wa pili: kwa baadhi ya mimea baridi yetu haitoshi. Tufaha nyingi, kwa mfano, zinahitaji mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ili zichanue vizuri, na ramani ya kustahimili baridi haisemi lolote juu ya mahitaji hayo, wala juu ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kwenye lebo ya mbegu tafuta mwinuko kwa mita, mvua kwa milimita na siku za kukomaa.

Mstari wa pakiti ningeuandika hivi: "Hustahimili baridi kuanzia ukanda wa 9 hadi wa 11 wa ramani ya Marekani, joto la chini kabisa la mwaka, kwa wastani, lisipungue nyuzi 6.7 chini ya sifuri."