Caterpie wa kweli yuko kwenye mlimau wa uani

Mkuu, umeuliza kama kuna mdudu wa huku kwetu anayestahili kuitwa Caterpie, yule kiwavi wa kijani wa kwenye gemu za Pokémon, na kama mtu mzima kumfuga ni utoto. Yupo. Na utoto huo ndio chimbuko la Pokémon: Satoshi Tajiri, aliyeibuni, alikulia Machida, pembeni mwa Tokyo, akikamata wadudu, na gemu za kwanza za mwaka 1996 zimetoka kwenye raha hiyo.

Wa kwetu ni kiwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka milimau, mindimu na michungwa. Ile pembe nyekundu ya Caterpie inayonuka haikubuniwa hewani: mguse huyu nyuma ya kichwa, anachomoa kitu chekundu chenye panda mbili kama ulimi wa nyoka, na harufu yake utaisikia. Mara moja inatosha. Ukimtekenya kutwa anaacha kula.

Chukua mayai (madogo, ya mviringo, rangi ya manjano hafifu, moja moja kwenye majani machanga) au viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege. Wale wa kijani, wakubwa wa sentimita 4 hivi, wanavutia zaidi, lakini wengi wameshatagiwa mayai ya nyigu ndani ya mwili. Atakula vizuri, atakuwa pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo), halafu watoke nyigu badala ya kipepeo, nawe utajilaumu bure.

Ndoo ya lita 5 inawatosha wawili au watatu. Funika kwa kitambaa chenye matundu, ila chandarua usiguse: vingi vina dawa, na dawa ya mbu haimbagui kiwavi. Majani ya mti uliopulizwa dawa pia yanaua, hata ukiyaosha. Tia kijitawi kwenye chupa ndogo ya maji na uzibe mdomo kwa pamba, la sivyo kiwavi atashuka na bua hadi majini afe. Badilisha majani na utoe kinyesi kila siku. Ukifunika kwa mfuniko wa plastiki unyevu unajaa, kuvu inaota. Akionekana mweusi na kulegea mtoe haraka, osha ndoo kwa sabuni, ianike.

Kwenye gemu Caterpie anakuwa Metapod, yaani pupa, levo ya 7 na Butterfree, yaani kipepeo, levo ya 10. Wako hana haraka hiyo: yai siku 6 hivi, kula wiki kadhaa, pupa wiki 2 hadi 3, na kwenye baridi zaidi. Siku moja ataharisha na kuhangaika ndoo nzima. Haumwi, anatafuta pa kujifunga. Egemeza kijiti kikavu. Atajishikiza hapo kichwa juu, uzi wa hariri kiunoni. Usimbandue. Pupa wa kijani au wa kahawia, wote wazima. (Metapod yule wa "kujikaza" tu bila kufanya lolote ni sahihi kabisa.)

Kipepeo akitoka kwenye pupa lazima apate pa kuning'inia, sentimita 10 au zaidi chini yake pakiwa wazi. Akiteleza kwenye plastiki, mabawa yanakauka yakiwa yamejikunja na hayanyooki tena. Matone ya rangi atakayodondosha si damu. Mpe saa chache akauke, kisha mwachie pale pale ulipomtoa.

Jina mpe, kadi mchoree, ila andika silaha zake halisi: Harufu ya Panda Mbili, na Kinyesi cha Ndege (mpinzani anapita bila kumwona). Mapambano yaishie kwenye karatasi. Scyther (Pokémon mwenye mikono ya mundu) wa kwetu ni vunjajungu, na ukimtia ndoo moja na Caterpie hakuna raundi ya pili.